Si Kila Mshtuko Hudai Dripu

Mgonjwa anapofikishwa wodini akiwa hoi, mapigo mepesi na viganja vya baridi, swali la kwanza la ndugu ni lile lile: "Sista, mbona hajatundikiwa dripu?" Nesi asipotundika ataitwa mzembe. Na imani hiyo si ya ndugu peke yao. Wengi wetu tuliosomea uuguzi tulifundishwa mshtuko wa mzunguko wa damu sambamba na chupa ya maji: kanula nene, maji yaende kasi, mengine baadaye. Nyuma ya mazoea hayo kuna madai mawili. La kwanza, kwamba presha imeshuka kwa sababu maji mwilini yamepungua. La pili, kwamba maji ya chumvi hayana madhara.

La kwanza ni kweli kwa baadhi ya wagonjwa. La pili lilivunjwa hapa hapa kwetu. Utafiti wa FEAST, ulioongozwa na Kathryn Maitland wa Kilifi, ulihusisha watoto zaidi ya 3,000 wa Kenya, Uganda na Tanzania wenye homa kali na dalili za damu kutofika vizuri viungoni. Kwa kura, wengine walipewa maji kwa mkupuo, wengine maji ya kawaida ya siku tu. Majibu yalitoka mwaka 2011: ndani ya saa 48, katika kila watoto 100 waliopewa mkupuo walikufa kati ya 10 na 11, kwa wasiopewa, 7. Wapo waliobisha kwamba hospitali zile hazikuwa na vyumba vya wagonjwa mahututi, na kwamba watoto wengi walikuwa na malaria na upungufu wa damu. Sawa, lakini wodi zetu zina wagonjwa gani wengine? Mwaka 2017 ukaja utafiti wa Lusaka kwa watu wazima wenye sepsisi na presha ya chini, wengi wao wakiishi na VVU. Waliopangiwa maji mengi ya haraka walikufa asilimia 48. Waliohudumiwa kwa utaratibu wa kawaida, 33.

Hakuna anayesema chupa zitupwe. FEAST haikuhusisha watoto wa kuhara, na mgonjwa wa kipindupindu akicheleweshewa maji atakufa. Ila mama anayevuja damu baada ya kujifungua anahitaji oksitosini, mji wa uzazi ukandwe, na damu iletwe. Maji matupu yatazimua ile kidogo iliyobaki. Moyo uliochoka ukiongezewa maji, yanafurika mapafuni. Aliyedhuriwa na sindano ya penisilini anahitaji adrenalini kwenye msuli wa paja kwanza, nusu miligramu kwa mtu mzima; maji yafuate. Na yule ambaye hewa imenaswa kifuani ikaukandamiza moyo hataokolewa na dripu hadi hewa hiyo itolewe.

Kutofautisha hayo kunaanzia mkononi mwa muuguzi. Bonyeza ukucha kwa sekunde tano, achia, hesabu: wekundu ukichelewa zaidi ya sekunde tatu, damu haifiki. Pandisha kiganja chako kwenye mkono wa mgonjwa uone baridi inakomea wapi. Ngozi yenye joto na mapigo ya polepole kwa aliyeanguka kutoka kwenye mnazi hukuelekeza kwenye uti wa mgongo. Usiliwazwe na presha ya 110 kwa 70, kwani kijana mwenye afya anaweza kupoteza karibu theluthi ya damu yake kabla presha haijaporomoka. Mapigo hukimbia mapema zaidi. Maji yakianza kuingia, pima mkojo: mtu wa kilo 60 atoe walau mililita 30 kwa saa. Sikiliza sehemu ya chini ya mapafu. Kwa mtoto, papasa ini. Likishuka chini ya mbavu kuliko ulivyoliacha, funga dripu umwite daktari.

Pingamizi lenye uzito ni la nesi wa zamu ya usiku aliyebaki peke yake na wodi nzima. Atampapasa nani ini kila robo saa? Chupa inajiendesha yenyewe, na ndiyo maana tunaipenda. Lakini usiku wa namna hiyo ndio hasa wa kutoa maji kidogo kidogo, maana yakizidi hakuna atakayeona. Ndugu aliyeuliza kuhusu dripu yupo pale kitandani. Aonyeshwe jinsi ya kuhesabu pumzi kwa dakika nzima, na aambiwe zikifika ngapi aje kumwita sista.