Ng'ombe akitupa mimba, tusinyamaze

Mama mmoja muhami alinisimamisha barabarani akaniuliza kama redio inaweza kusema juu ya ng'ombe wake. Alikimbia vita na ng'ombe watano, wamebaki wawili. Mmoja, mwenye mimba ya miezi saba, ametupa. Majirani walisema ni sumu, wengine wakasema ni mkono wa mtu. Mchinjaji alifika siku ileile na bei ya nusu. "Nimuuze?" Ndama yule mfu alivutwa na binti yake, mikono mitupu. Binti naye ana mimba. Kusema kweli, niliogopa zaidi kwa ajili ya binti kuliko kwa ajili ya ng'ombe.

Ng'ombe hutupa mimba kwa sababu nyingi: njaa, kipigo, safari ndefu ya kukimbia, na bruselozi inayoletwa na bakteria. Lakini kuna virusi pia. Homa ya Bonde la Ufa inajulikana tangu miaka ya 1930 kule Kenya, na jina lake lisitudanganye, sisi wa Kivu tuko ndani ya bonde hilo, upande wa magharibi. Mbu ndio wanaoieneza, hasa mvua ikinyesha sana. Utaona ng'ombe wengi wanatupa mimba karibu wakati mmoja, na ndama wanakufa. Mtu huipata kwa kushika damu, kondo la nyuma au ndama mfu, pia kwa mbu. Wengi hupata homa na maumivu ya mwili, kisha wanapona. Wachache hutoka damu, hupoteza macho, hufa. Mwaka 2016 ilipata watu Kabale, Uganda. Mwaka 2022 ilipiga mifugo Rwanda. Mbu haombi karatasi mpakani, na mchuuzi wa ng'ombe anajua njia zake.

Kuna virusi vingine, vya kuhara kwa ng'ombe. Hivyo havimpati mtu, lakini ni vya ujanja. Vikimpata ng'ombe mwenye mimba changa, anaweza kutupa, au akazaa ndama anayebeba virusi maisha yake yote. Ndama huyo anaweza kuonekana mzima kabisa. Unamuuza, anaingia katika kundi la jirani, na mwaka unaofuata jirani ndiye analia. Sasa makundi ya wahami na ya wenyeji yanapokunywa mto mmoja, fikirini wenyewe.

Mfugaji mwenye kundi kubwa aliniambia: "Nikisema, nani atanunua maziwa yangu na fromaji yangu?" Namuelewa. Hakuna anayemlipa hasara. Lakini mama mwenye ng'ombe wawili simlaumu sawa na yeye, anayewatuma wachungaji kutoa ndama wafu bila glavu, kisha anapeleka ng'ombe sokoni usiku.

Na serkali isijifiche nyuma ya vita. Damu ya ng'ombe inachukuliwa, mfugaji anasubiri miezi, jibu halirudi. Mtu huyo hataita tena munganga wa wanyama.

Wakati tunasubiri: usishike ndama mfu kwa mikono mitupu. Glavu zikikosekana, vaa hata sashe mbili kila mkono, kisha nawa kwa sabuni. Mwenye mimba asikaribie kabisa. Zika kwa kina, mbali na maji, mbwa wasifukue. Chemsha maziwa (wapenda fromaji ya maziwa mabichi mtanisamehe). Mwambie jirani, ita munganga wa wanyama siku hiyohiyo, na ng'ombe asiuzwe wala kuchinjwa kabla hajaonwa.

Yule mama hakuuza. Binti alienda kituo cha afya kesho yake, akiwa na homa. Walimpima malaria, wakamwambia hana, arudi nyumbani. Ilibidi yeye mwenyewe ataje habari ya ng'ombe, ndipo muuguzi akamwambia akae tena chini.