Dhamana ya betri si hisani ya muuzaji

Mwalimu aliyekopa katika chama cha akiba na mikopo ili anunue kompyuta ya mkononi hatarajii kwamba baada ya miezi mitano itazimika pindi chaja ichomolewapo. Arudipo dukani na karatasi yake ya dhamana ya mwaka mmoja, aghalabu huambiwa kwamba betri "huchakaa tu", au kwamba dhamana yaihusu mashine wala si betri. Wengi huondoka kimya, wakanunua nyingine ya bei nafuu, na hasara ikawa yao peke yao.

Mtindo huu haufai kuvumiliwa.

Ni kweli kwamba betri za lithiamu hupungukiwa na uwezo kadiri zinavyotumiwa, na baada ya kujazwa umeme mara mia kadhaa hakuna wa kulaumiwa. Ni kweli pia kwamba baadhi ya watengenezaji huipa betri dhamana fupi kuliko ya mashine yenyewe, hivyo karatasi hiyo yapaswa kusomwa kabla ya fedha kutolewa. Lakini uchakavu ni jambo moja na kasoro ni jambo jingine. Watengenezaji wenyewe walikwisha kukiri hivyo: mnamo Agosti 2006 kampuni ya Dell iliwaita wateja warejeshe betri zipatazo milioni 4.1 zilizoundwa na Sony, kwa hofu kwamba zingeweza kushika moto.

Tofauti hiyo yaweza kuthibitishwa. Kompyuta yenye mfumo wa Windows hutoa ripoti ya betri mtumiaji aandikapo amri powercfg /batteryreport. Humo mna takwimu mbili: uwezo ambao betri iliundwa kuwa nao, na uwezo iliobaki nao. Ikiwa ya kwanza ni 50,000 na ya pili ni 20,000 katika mwezi wa tano, muuzaji atatoa udhuru gani? (Mwalimu wa hisabati atapata humo swali zuri la asilimia.) Ripoti hiyo ichapishwe, iambatanishwe na nakala ya risiti, na malalamiko yaandikwe kwa barua yenye tarehe. Na betri ikivimba, isijazwe umeme tena wala isitobolewe, kwani gesi imekwisha kujaa ndani yake.

Sheria nayo haiko kimya. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa zenye ubora wa kuridhisha, na ya kufidiwa kwa hasara itokanayo na kasoro. Ipo pia Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012. Muuzaji akishupaa, Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, na sheria iliyoiunda yataka kesi iamuliwe katika siku 60. Wangapi kati ya wanaorudishwa mikono mitupu wanalijua hilo?

Wakuu wa shule wanaonunua kompyuta kwa wingi wana nguvu kuliko mwalimu mmoja aliyesimama peke yake mbele ya kaunta. Hawana budi kudai kwamba betri itajwe waziwazi katika mkataba, pamoja na muda wa dhamana yake, kabla hundi haijatiwa saini.