Mashirika makubwa yanaiga kamba ya Toyota, lakini yanakataza watu kuivuta

Kwenye barabara ya Beni na Butembo, Toyota yenye bendera ya shirika fulani si jambo la kushangaza tena. Gari linajulikana na kila mtoto. Namna linavyotengenezwa haijulikani sana, hata kwa wale wanaolipanda kila siku wakienda kusimamia miradi.

Mwaka wa 1982, kampuni ya General Motors ilifunga kiwanda chake cha Fremont, huko California. Kilikuwa na sifa mbaya: watumishi wengi hawakufika kazini, wengine walikunywa pombe humo humo, magari yakatoka na kasoro. Mwaka wa 1984 kilifunguliwa tena kwa ushirika na Toyota, kwa jina la NUMMI. Wengi wa walioandikwa kazi walikuwa walewale wa zamani, na chama chao kilekile. Mamia kati yao walipelekwa Japani kujifunza. Muda si mrefu, magari yao yakakaribia ubora wa yale ya Japani.

Ni nini kilibadilika? Kando ya kila mtumishi kulipitishwa kamba. Akiona kasoro, anaivuta. Kiongozi wa kikundi anakuja mbio kumsaidia, na tatizo lisipoisha, mstari mzima wa kazi unasimama. Kwa mtu aliyezoea kwamba kusimamisha kazi ni kosa la kufukuzwa, hilo lilikuwa kubwa kuliko mashine yoyote.

General Motors ilitaka kueneza mbinu hiyo katika kiwanda chake cha Van Nuys, hapohapo California. Kamba ziliwekwa. Lakini wakubwa waliendelea kupimwa kwa hesabu ya magari yanayotoka, kwa hiyo aliyevuta kamba alionekana mkorofi. Van Nuys ilifungwa mwaka wa 1992.

Kosa hilohilo linarudiwa leo na mashirika yanayokimbilia mbinu ya ajile, yaani kufanya kazi kwa vikundi vidogo, kwa hatua fupi, na kubadili mpango kila ukweli unapobadilika. Ajile ilianza na watu 17 wa programu za kompyuta waliokutana Snowbird, Utah, mwezi wa pili 2001. Mwaka wa 2015 benki ya ING ya Uholanzi iligawa watu karibu 3,500 wa makao yake makuu katika vikundi vya namna hiyo, ikitazama mfano wa Spotify. Hati ya mwaka wa 2012 iliyoeleza vikundi vya Spotify ilionya yenyewe kwamba ni picha ya wakati huo tu. Wengi waliichukua picha, wakaliacha onyo.

Mashariki mwa Congo jambo hili si la wataalamu peke yao. Ebola ilipotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 kule Mangina, kazi ya chanjo iliendeshwa vizuri kwa vikundi vidogo: mgonjwa akipatikana, wanatafutwa waliomgusa, kisha waliowagusa hao, na mpango wa siku unafuata habari za asubuhi. Watu zaidi ya 300,000 walichanjwa. Huo ulikuwa wepesi wa kweli.

Ila kamba ya wakaaji haikufungwa popote. Mapema kabisa, watu wa Beni waliuliza mbona magari yote yanakuja kwa Ebola tu, wakati malaria inaua, maji hakuna, na usiku watu wanachinjwa. Swali hilo lilipanda polepole sana ngazi za ripoti, huku surua ikiua zaidi ya watu 6,000 nchini kuanzia mwaka wa 2019. Mlipuko wa Ebola ulipoisha Juni 2020, watu 2,287 walikuwa wamekufa.

Kwa hiyo, shirika linapotangaza kwamba sasa linafanya kazi kwa ajile, karatasi za rangi ukutani si za kuangaliwa kwanza. Aangaliwe mtumishi wa chini kabisa, yule anayefika kijijini kwa pikipiki. Mara nyingi mkataba wake ni wa miezi michache, na anayeamua kuurefusha ni yuleyule ambaye shughuli yake ingepaswa kusimamishwa.