Makocha, acheni kulazimishana msamba

Pita jioni kwenye uwanja wowote wa timu za mchangani, picha ni ileile. Vijana 20 wamekaa chini, miguu wameitanua, kocha anazunguka akimkandamiza mgongoni kila ambaye msamba wake haujafika chini. Anayelalamika anaambiwa ni mvivu. Anayegoma hana nidhamu, Jumapili anakaa benchi.

Kwa mtazamo wangu, hapo hatujengi wachezaji, tunawaumiza.

Iko hivi. Kichwa cha mfupa wa paja kinakaa ndani ya kikombe cha nyonga. Kikombe hicho hakifanani kwa watu wote. Kuna chenye kina kirefu na chenye kina kifupi, kuna kilichoelekea mbele zaidi na kingine pembeni. Hata kwa mchezaji mmoja, kulia na kushoto kunaweza kutofautiana. Ndiyo maana dogo mmoja anapiga msamba wiki ya kwanza, mwenzake anahangaika msimu mzima na hafiki. Siyo uvivu, ni mfupa umegota.

Namna ya kutofautisha siyo ngumu. Ukisikia kuvuta upande wa ndani wa paja, mara nyingi huo ni msuli, utalegea taratibu kwa mazoezi. Ukisikia kubana au kuchoma mbele, kwenye kinena, acha. Ukiendelea kulazimisha unatafuta majeraha.

Kwa wanasoka hili ni zito zaidi. Watafiti wameona kwamba vijana wanaocheza soka sana wakiwa bado wanakua hupata zaidi kinundu kwenye shingo ya mfupa wa paja kuliko wasiocheza. Wengi hawasikii maumivu kabisa. Lakini mtu wa namna hiyo ukimchuchumalisha mpaka chini na chuma begani kwa sababu tu wenzake wanaweza, usishangae akianza kuchechemea.

Bega nalo lina mambo yake. Kikombe chake ni kifupi mno, linategemea misuli kulishikilia. Jude Bellingham aliteguka bega la kushoto Novemba 2023 Real Madrid ikicheza na Rayo Vallecano. Akawa anacheza na kifaa cha kulishikilia, hadi Julai 2025 alipofanyiwa upasuaji. Huyo ana madaktari wa Madrid. Kipa wetu wa ligi ya wilaya, anayedondoka kwenye kokoto kila siku, ana nani?

Kipa ambaye viungo vyake vinanyumbulika sana hahitaji kuvutwa mikono zaidi, anahitaji nguvu. Na ambaye bega lake ni gumu asilazimishwe kushusha chuma nyuma ya shingo. Asukume kwa mbele, inatosha.

Makocha watasema hakuna muda wa kumwangalia kila mtu. Sikubaliani nao. Norway walijaribu zoezi moja tu la misuli ya ndani ya paja, linaloitwa Copenhagen, kwa timu za wachezaji wasiolipwa kama mastaa. Unalala ubavu, mwenzako anakushikia mguu wa juu, unajiinua. Halihitaji jimu wala shilingi. Matokeo yaliyotolewa 2019 yalionyesha matatizo ya kinena yalipungua kwa asilimia 41.

Kilichonivutia ni kwamba zoezi lile lilikuwa na ngazi 3. Aliyesikia maumivu alishuka ngazi, hakuitwa mvivu. Timu nzima ilifanya kazi moja, kila mtu kwa kiwango chake.

Hilo linawezekana hata Temeke. Anayechuchumaa vibaya, mwambie atanue miguu na ageuze vidole nje kidogo, aishie pale pasipouma. Muulize anaumwa wapi kabla ya kumkandamiza. Maumivu yakizidi wiki chache, aende kwa mtaalamu wa viungo.

Mshambuliaji hapewi namba kwa kupiga msamba. Anapewa kwa kufunga, na ili afunge lazima awe mzima.