TAARIFA YA TAWI: Hasara ya ukame iandikwe kijijini



Wapo wanaouliza mkulima wa uwele wa Chamwino anahusiana vipi na Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliyoko The Hague. Anahusiana sana.

Nchi yetu iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Mabadiliko ya Tabianchi mwaka 1996, na Makubaliano ya Paris mwaka 2018. Msimamo wetu humo ni mmoja: waliochoma makaa ya mawe na mafuta kwa zaidi ya miaka mia wabebe mzigo mkubwa, na sisi tusaidiwe kuhimili. Ni haki, tunauunga mkono. Tena tumeahidi kupunguza gesijoto kwa asilimia 30 hadi 35 ifikapo 2030, sisi ambao mchango wetu duniani haufiki asilimia 1!

Tarehe 23 Julai 2025 Mahakama hiyo ilitoa maoni kwamba nchi zina wajibu wa kisheria kulinda tabianchi, na inayokiuka inaweza kudaiwa fidia. Ni ushauri, si hukumu; hakuna tajiri atakayefungua pochi kesho. Lakini humo mna sharti linalotuhusu: anayedai aoneshe uhusiano wa moja kwa moja na wa uhakika kati ya kosa na hasara aliyopata.

Sasa ndugu zangu, hasara yetu imeandikwa wapi? Mvua yetu ni ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili. Ikikatika Februari mtama unakaribia kutoa masuke, hatuna vuli ya kusubiri. Watu wanauza mbuzi kwa bei ya kutupa, vijana wanaondoka kutafuta vibarua. Halafu uliza ofisini: magunia mangapi yalipotea? Ng'ombe wangapi walikufa? Kisima kipi kilikauka, na lini? Utajibiwa "hali ilikuwa mbaya". Hata njaa ya Mtunya, 1917 hadi 1920, wengi wetu tumebaki na jina tu. (Na ile haikuwa mvua peke yake, majeshi ya wakoloni yalichukua nafaka na ng'ombe wa Ugogo.)

Mtasema hiyo ni kazi ya Mamlaka ya Hali ya Hewa. Wao wanapima mvua, hawahesabu ghala lako. Na Mfuko wa Hasara na Uharibifu, uliokubaliwa Sharm el-Sheikh 2022, hatuoni utalipaje kwa simulizi.

Mkutano mkuu wa kijiji hukaa kila miezi mitatu. Kikao kijacho wanachama wetu wasimame waombe jambo moja: daftari la hasara, litunzwe na mtendaji wa kijiji, afisa ugani alisaini kila baada ya mavuno. Si daftari la chama. Asiye mwanachama naye aandikwe, kaya kwa kaya.

Maswali yaletwe ofisi ya tawi Jumamosi saa nne asubuhi. Sambaza kwa wenzako.

Imetolewa na:
Katibu Mwenezi wa Tawi
Chamwino, Dodoma