Chai ya maziwa haitoshi kujenga mifupa

Wazazi wengi mjini huamini kwamba mtoto anayekunywa chai ya maziwa asubuhi na jioni amepata maziwa ya kutosha. Hebu, msomaji, tufanye hesabu kidogo.

Pakiti ya maziwa ya nusu lita ina takriban miligramu 600 za madini ya kalsiamu. Ukiipikia chai ya watu sita, kila mmoja hupata 100. Ilhali kijana wa miaka 9 hadi 18 ahitaji 1,300 kwa siku, mtu mzima 1,000, na mwanamke aliyepita miaka 50 ahitaji 1,200.

Kwa nini kijana ahitaji nyingi kuliko babake? Kwa sababu yeye bado anajenga. Asilimia 99 ya kalsiamu ya mwili imo katika mifupa na meno. Kiasi kidogo kinachosalia husaidia moyo kupiga sawasawa, misuli kukaza na damu kuganda mtu akijikata. Kiasi hicho kikipungua katika damu, mwili huenda kuikopa kalsiamu kwenye mifupa, na mwenyewe hahisi lolote.

Mifupa hujiwekea akiba mpaka karibu miaka 30. Baada ya hapo akiba hiyo hupungua polepole, na kwa akina mama hupungua kwa kasi hedhi inapokoma. Ndiyo sababu nyanya aweza kuteleza bafuni mara moja tu akavunjika nyonga.

Mama mjamzito naye awe mwangalifu. Asiyepata kalsiamu ya kutosha yumo katika hatari zaidi ya kupata shinikizo la damu linaloweza kuleta kifafa cha mimba. Aulize kliniki kama anahitaji tembe.

Je, lazima uwe na pesa nyingi? La. Omena huliwa pamoja na mifupa yake, kwa hivyo ina kalsiamu tele. Sukuma wiki pia ni nzuri kuliko spinachi, kwani spinachi ina asidi inayozuia kalsiamu isiingie mwilini. Gramu 100 za unga wa wimbi zina zaidi ya miligramu 300, ilhali za unga wa mahindi hazifiki hata 20. Gilasi ya maziwa au ya mala ina 300 hivi, na mala humfaa yule ambaye maziwa humsokota tumbo. Pesa ya soda yatosha kuanzia.

Na usiwafungie watoto ndani ya nyumba za ghorofa mchana kutwa. Jua huusaidia mwili kutengeneza vitamini D, na bila hiyo kalsiamu nyingi hupita bure.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa mifupa hauonekani kwa macho, kwa hivyo anza kuuziba leo kwenye sahani ya mwanao.