Pole si Nisamehe

Kwetu Baraka, anayekaribia kufunga ndoa hupewa mashauri mengi, na karibu yote yana kitenzi kimoja: vumilia. Bibi arusi huambiwa na shangazi zake, huambiwa kanisani au msikitini, kisha huambiwa tena siku ya sherehe na watu wasiojua hata jina lake. Bwana arusi huambiwa atunze nyumba. Ni mara chache mno nimesikia wawili hao wakiambiwa wavumiliane, na kwa sisi tunaosoma isimu tofauti hiyo si ndogo. Kiambishi -an- kinadai watendaji wawili. Kiondoe, kazi yote inabaki kwa mmoja. Sheria yenyewe imekwisha kutupita: Sheria ya Familia ya 1987 ilimtaka mke apate ruhusa ya mumewe kabla ya kufanya vitendo vya kisheria, marekebisho ya Julai 2016 yaliifuta ruhusa hiyo, yakataka mume na mke wakubaliane. Sheria ina -an-. Mashauri ya arusi bado.

Sina ugomvi na uvumilivu. Ninachokataa ni kuufanya kuwa ujuzi pekee wa mapenzi. Watu wawili wanaotaka kudumu pamoja wanahitaji kujua kurekebisha maneno: kutambua kwamba neno limeumiza, kulirudia, kuuliza mwenzako amelisikiaje, kulisema upya. Schegloff, Jefferson na Sacks walilichunguza jambo hili mwaka 1977 katika mazungumzo ya kawaida, wakaonyesha kwamba nafasi ya kwanza ya kusahihisha huachiwa yule aliyesema. Msikilizaji husita kidogo, akimpa mwenzake muda wa kujirekebisha. Kusita huko kudogo ndiko ninakokutafuta katika nyumba zetu. (Wapo watakaosema asiyeoa hana cha kusema juu ya ndoa. Mapadri nao hawajaoa, na tunawasikiliza kila Jumapili.)

Fizi inatupa mfano ambao vitabu vyetu havina. Vita vya 1996 na 1998 viliwavusha ziwa watu wengi wa kwetu. Wengi waliishia Nyarugusu, kambi iliyofunguliwa mwaka 1996 mkoani Kigoma, na watoto wao wakakulia huko. Kuanzia 2005 UNHCR ikawa inawarudisha watu kwa meli kutoka Kigoma hadi Baraka. Walirudi na mizigo yao, na baadhi yao na Kiswahili kingine.

Sasa msichana aliyekulia ng'ambo anaolewa na kijana aliyebaki. Anasema, "Naomba maji." Kwa sikio la mume, anayeomba ni mgeni au mwenye shida, mtu anaombaje maji nyumbani kwake? Basi anajitenga, au anajisikia. Mume naye anasema, "Unipatie maji." Kwetu hiyo ni adabu ya kawaida, laini kuliko "nipe". Mke anasikia bosi. Kila mmoja amekuwa mpole kwa lahaja yake, na kila mmoja ameumia. Nimewaona wachumba wakiachana, mahari imekwisha kujadiliwa, kwa sababu upande wa kijana ulisema msichana ana kiburi. Nilipouliza ushahidi nikapewa sentensi tatu, zote sahihi kisarufi.

Swali "ulikuwa na maana gani?" lingetosha, ila hakuna aliyewafundisha kuliuliza bila kulifanya shtaka. Jaribu kulisema kwa sauti ya juu uone linavyogeuka.

Tena kuna neno "pole". Mume amemfokea mke mbele ya wageni. Usiku anasema, "Pole." Mke, kama adabu inavyodai, anajibu, "Asante." Tazameni kilichotokea: aliyeumizwa ndiye aliyeshukuru. Pole inataja maumivu bila kumtaja mtendaji, ndiyo maana tunampa pole hata aliyejikwaa barabarani, hata aliyefiwa, ambao hatukuwakosea lolote. "Nisamehe" ina mimi ndani yake. Tena inamwachia mwenzako uamuzi, maana anaweza kujibu "nimekusamehe", anaweza kujibu "bado", na "bado" ni jibu halali linalowaacha wawili hao wakiendelea kuzungumza. Baada ya "asante" hakuna la kuongeza, taa inazimwa. Najua ipo pole inayosemwa kwa sauti ambayo kila mtu anaielewa kuwa ni toba. Siikatai. Nasema tu kwamba mkosaji amejiachia mlango wa nyuma, na asubuhi anaweza kuutumia.

Hasira nayo ina lugha yake. Katika nyumba nyingi za Baraka kuna Kibembe upande mmoja, Kifuliru au Kibuyu upande wa pili, na Kiswahili katikati. Mambo yakiwa shwari wote wako katikati. Yakichafuka, mmoja anarudi kwenye lugha ya mama yake, anampigia simu dada yake hapohapo sebuleni, na mwenzake anasikia jina lake tu likipita katika maneno asiyoyajua. Wake wengi hujifunza lugha ya ukweni kwa sababu hawana budi. Mwanamume anayejifunza lugha ya wakwe zake ni nadra, na mimi ningependa wakwe waulize habari hiyo kabla ya kuhesabu ng'ombe.

Mtaniambia tuna wazee wa kusuluhisha. Tunao, na wameokoa ndoa nyingi. Lakini malalamiko yakifika kikaoni yamekwisha kuwa kauli taarifa. "Labda hunipendi tena," iliyosemwa kwa kilio, inafika kwa mjomba kama "amesema simpendi". Labda imepotea njiani pamoja na kilio. Mzee anahukumu maneno ambayo hayakusemwa. Wazee wangeitwa baada ya wawili kuzungumza. Kwetu mara nyingi huitwa badala ya wawili kuzungumza.

Pingamizi ninalolipa uzito zaidi ni la njaa. Mtu atasema ndoa za Fizi zinavunjwa na vita, na umaskini, na dhahabu ya Misisi inayowaweka waume mbali kwa miezi, wala si na sarufi. Ni kweli kwa sehemu kubwa, na hakuna "nisamehe" inayojaza sufuria. Ila mume aliyeko Misisi na mke aliyeko Baraka wana simu tu kati yao. Nyuso hawazioni, mkono hawashikani. Ujumbe wa sauti wa dakika moja ndio ndoa yao ya wiki nzima, na yule asiyejua kusema "sikupata kitu mwezi huu" huzima simu. Mke anakaa na ukimya huo, anautafsiri peke yake, na tafsiri yake huwa ni mwanamke mwingine.

Ndiyo maana nina neno na kitivo. Tasnifu za wenzetu nilizosoma juu ya lugha za Fizi zinahesabu ngeli, zinapanga vitenzi, zinaorodhesha methali. Kazi nzuri. Sijakutana na hata moja inayoeleza watu wawili wanavyogombana na kupatana katika lugha hizo. Nimependekeza kuandika juu ya "pole" na "nisamehe" katika nyumba za wavuvi, na nimeulizwa, kwa haki, data nitaipata wapi. Wavuvi wetu hufanya kazi usiku wa giza, taa zao zikivuta dagaa. Mbalamwezi ikikolea hawaendi ziwani. Usiku huo waume wako nyumbani, watu wamekaa nje kwenye mikeka, na wale wenye jambo la kuambiana hawana pa kukimbilia. Nitaomba idhini yao kwanza, nyumba kwa nyumba. Nahitaji kinasa sauti na miezi sita.